Baba Mmoja, Kifo Kimoja, Warithi Wawili: Ulodi wa Kiingereza Humwendea Nani?

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, wafanyakazi wawili wa gari la maziwa waliona Buick imeserereka nje ya barabara, karibu na njia panda ya Karen na Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Taa zake zilikuwa bado zinawaka. Waliposogea wakamkuta mwanamume amejikunja sakafuni mwa gari, amekufa, ana jeraha la risasi nyuma ya sikio. Alikuwa Josslyn Hay, mwenye umri wa miaka 39, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni la Kenya na erli wa 22 wa Erroll.

Tangu siku ile watu wameandika vitabu na kutengeneza filamu wakiuliza nani alimuua. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa na uhusiano wa mapenzi na marehemu, alishtakiwa na kuachiliwa huru mwezi Julai mwaka ule ule. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Mimi hilo nawaachia wapelelezi. Nina swali jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo nadhani linatufundisha zaidi kuhusu watu wale na dola yao: kulipopambazuka siku ile, nani alikuwa erli wa Erroll?

Alikuwa binti wa miaka 15. Diana Hay, mtoto pekee wa Josslyn na mke wake wa kwanza, Idina Sackville, alikuwa akilelewa na ndugu huko Uingereza, mbali na wazazi walioachana tangu 1930. Kwa kifo cha baba yake akawa kauntesi wa 23 wa Erroll kwa haki yake mwenyewe, akarithi pia wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Scotland ambao ukoo wao ulipewa na mfalme Robert the Bruce mwaka 1314. Lakini marehemu alikuwa na cheo cha pili, ubaroni wa Kilmarnock. Hicho kilimpita binti, kikaenda kwa baba yake mdogo, Gilbert. Mwaka ule Gilbert aliacha hata jina la ukoo la Hay, akajiita Boyd.

Baba mmoja, kifo kimoja, warithi wawili. Hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna wasia uliosomwa, wala hakimu hakuitwa kugawa. Vyeo viliachana njia vyenyewe, kila kimoja kikafuata maelekezo yaliyoandikwa zamani, kabla Josslyn hajazaliwa. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Sisi tukisikia urithi tunafikiria baba, damu, na mali aliyoiacha. Ulodi wa Kiingereza haurithiwi kwa matakwa ya baba, na damu peke yake haitoshi. Unarithiwa kwa maneno ya hati. Anayetaka kujua nani atakuwa lodi kesho asimtazame mzee aliye hai. Aitafute karatasi iliyoandikwa siku cheo kilipozaliwa.

Ngazi za vyeo hivi ni tano, kuanzia juu: duki, markisi, erli, vaikaunti na baroni. Mfalme au malkia anapomtunuku mtu, hutoa hati yenye muhuri mkuu wa dola, na ndani yake kuna kifungu kinachosema cheo kitamfuata nani baada ya mwenyewe. Katika hati nyingi za Kiingereza maneno ni yale yale: warithi wanaume wa mwili wake, waliozaliwa kihalali. Kila neno lina kazi. "Wanaume" linawaondoa mabinti. "Wa mwili wake" linamwondoa mtoto wa kupanga, hata awe amelelewa humo tangu siku ya kwanza. "Kihalali" linamwondoa aliyezaliwa nje ya ndoa. Anayebaki ni mwana wa kiume wa kwanza, kisha uzao wake wa kiume, kisha mwana wa pili na uzao wake, hivyo hivyo mpaka mstari ukatike. Ukikatika, cheo hufa.

Msomaji anayeijua faraidhi ataona tofauti mara moja. Katika mirathi ya Kiislamu kila mwenye haki ana fungu lake, na binti, ingawa fungu lake ni nusu ya la kaka yake, hakosi. Baba hana mamlaka ya kumfuta. Ulodi haugawanyiki. Ni mmoja na unamtaka mmoja, na kwa sababu hiyo kila kanuni yake ni kanuni ya kuwatoa watu mlangoni. Jambo moja tu linafanana na faraidhi: mzee mwenyewe hana la kusema. Lodi anaweza kuuza shamba, kuipa hospitali nyumba yake, kumwandikia wasia mpishi wake. Cheo hawezi kukiuza, hawezi kumpa mpwa anayempenda, wala hawezi kumnyima mwana aliyemkosea.

Mali na cheo, basi, ni vitu viwili, na mara nyingine vimeachana kabisa. Josslyn Hay alipokuwa erli mwaka 1928 hakurithi hata ngome ya wazee wake. Slains, iliyoko kwenye majabali ya pwani ya Aberdeenshire, ilikuwa imeuzwa na babu yake mwaka 1916. Alichofanya ni kulibeba jina: nyumba ya kwanza aliyokaa na Idina nchini Kenya waliiita Slains. Kwingine familia zimefunga mali ndani ya amana ili iandamane na cheo. Agosti 2016 Hugh Grosvenor, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa duki wa 7 wa Westminster na mrithi wa mmoja wa utajiri mkubwa kabisa wa ardhi jijini London. Alikuwa na dada wawili wakubwa kwake na mmoja mdogo.

Turudi Erroll, maana kisa chao kina mafundisho zaidi kuliko kitabu chochote cha sheria.

Katika karne ya 17, erli wa 11, Gilbert Hay, hakuwa na mtoto. Sheria ya Scotland ya wakati huo ilimruhusu mwenye cheo kukirudisha mikononi mwa mfalme na kupewa upya pamoja na haki ya kutaja watakaomfuata. Ndivyo alivyofanya, na mwaka 1674 akaandika orodha yake. Orodha ile haikuwafungia wanawake mlango. Mwaka 1717 ilifanya kazi: erli wa 13 alikufa bila mtoto, dada yake Mary Hay akawa kauntesi wa 14. Mary naye hakuzaa. Alipofariki mwaka 1758 cheo kilitelemka kwa mjukuu wa ndugu yake wa kike, kijana aliyeitwa James Boyd.

Boyd huyu alikuwa na jeraha lake. Baba yake, William Boyd, alikuwa erli wa 4 wa Kilmarnock. Alijiunga na uasi wa mwaka 1745 uliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi, akakamatwa katika vita vya Culloden, na tarehe 18 Agosti 1746 akakatwa kichwa kwa shoka hadharani, Tower Hill, London. Aliyehukumiwa kwa uhaini alihesabiwa kuwa damu yake imeharibika, na cheo chake kilikufa naye. James alipoteza uerli wa baba kwa shoka. Akapata uerli mwingine kwa njia ya mama na bibi, akabadili jina la ukoo kutoka Boyd kuwa Hay. Kwa hiyo Wahay wote waliofuata, Josslyn wa Kenya akiwemo, ni Wahay kwa upande wa kuukeni. Lau hati ya 1674 ingesema "wanaume" kama hati za Kiingereza, hawa wasingekuwa chochote Erroll.

Sasa huo ubaroni wa Kilmarnock ulitoka wapi, ikiwa uerli wa Kilmarnock ulikatwa pamoja na kichwa cha mwenyewe? Baada ya Uingereza na Scotland kuungana mwaka 1707, malodi wa Kiskoti hawakuwa na kiti cha moja kwa moja katika Baraza la Malodi. Walichagua wenzao 16 wa kuwawakilisha. Erli wa 18 wa Erroll alikuwa amemwoa Elizabeth FitzClarence, binti wa mfalme William IV. Mwaka 1831 mfalme akampa mkwe wake ubaroni mpya wa Muungano ili apate kiti chake mwenyewe, na akaupa jina la zamani la Kilmarnock. Hati ya ubaroni huo iliandikwa kwa mtindo wa Kiingereza: warithi wanaume.

Kwa hiyo asubuhi ile ya 1941 karatasi mbili zilikuwa zinasomwa kwa wakati mmoja, moja ya 1674 na nyingine ya 1831. Ya zamani ilimkubali binti, na mpya ikamkataa. Tunaambiwa mara nyingi kwamba kumruka binti ni mila ya kale, na kwamba kadiri unavyorudi nyuma ndivyo mwanamke alivyozidi kufungiwa. Katika ukoo huu ni kinyume. Gilbert alipojiita Boyd alikuwa analirudisha jina la erli aliyekatwa kichwa, huku mtoto wa kaka yake akibaki na jina la Hay na cheo kikubwa zaidi.

Kwa upande wa Uingereza yenyewe, mabaroni wa zamani sana, wale ambao babu zao waliitwa bungeni kwa barua ya mwito ya mfalme badala ya hati maalumu, wanaweza kurithiwa na binti. Lakini hapo pana tatizo la ajabu. Sheria ya Kiingereza humtanguliza mwana wa kiume wa kwanza, ila mabinti haiwapangi kwa umri: wote ni sawa. Baroni akiacha binti mmoja, anarithi. Akiacha watatu, hakuna anayerithi, kwa kuwa cheo hakigawanyiki na hakuna aliye mbele ya mwenzake. Cheo kinaning'inia hewani mpaka matawi yote yafe isipokuwa moja, au mpaka mfalme amteue mmoja wao. Ubaroni wa Grey wa Codnor ulining'inia tangu 1496 hadi 1989, miaka 493. Waskoti walilimaliza jambo hilo kwa kanuni nyepesi: binti mkubwa ndiye wa kwanza. Ni usawa wa kusikitisha huo wa Kiingereza, unaowafanya dada kuwa sawa ili wote wakose.

Na bado dola ilipotaka, njia ilipatikana. John Churchill, duki wa kwanza wa Marlborough, alimzika mwanawe pekee aliyebaki mwaka 1703, kijana aliyekufa kwa ndui akiwa Cambridge. Jemadari huyo alikuwa akiyashinda majeshi ya Ufaransa, na taifa halikutaka jina lake lipotee. Mwaka 1706 bunge lilipitisha sheria maalumu ili cheo kiwapitie mabinti zake. Alipofariki mwaka 1722, binti yake Henrietta akawa duki wa pili, mwanamke. Baada yake, mwaka 1733, cheo kikaenda kwa mtoto wa dada yake, Charles Spencer. Maduki wote wa Marlborough waliofuata, pamoja na Winston Churchill aliyezaliwa katika jumba lao la Blenheim mwaka 1874, wametokana na ruhusa ile.

Karne mbili na nusu baadaye ikatokea tena. Louis Mountbatten, liwali wa mwisho wa mfalme kule India, hakuwa na mwana wa kiume ila mabinti wawili, na hati zake za miaka ya 1946 na 1947 ziliandikwa kuwaruhusu. Agosti 1979 bomu la IRA lililipua mashua yake katika pwani ya Ireland. Binti yake mkubwa, Patricia, alikuwa ndani ya mashua hiyo hiyo. Alipata cheo cha baba akiwa amelazwa hospitalini kwa majeraha, akiwa amefiwa na mtoto wake mwenyewe katika mlipuko ule. Alikishika hadi alipofariki mwaka 2017.

Inaonekana basi kwamba binti hukubalika baba yake akiwa shujaa. Baba akiwa mtu wa kawaida, binti hakumbukwi.

Upo mlango mwingine ambao hati inaulinda, nao ni wa uhalali. Waswahili tuna msemo: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume, watu waseme watakavyo. Sheria ya Kiingereza ilisimama hapo hapo kwa karne nyingi, na hakuna kisa kilichoupima msemo huo kama cha Ampthill.

Oktoba 1921 Christabel Russell alijifungua mtoto wa kiume, Geoffrey. Mumewe, John Russell, mrithi wa ubaroni wa Ampthill, akasema hajawahi kumwingilia mkewe, akaomba talaka. Madaktari walitoa ushahidi kwamba mama alipokuwa mjamzito alikuwa bado bikira. London nzima iliisoma kesi hiyo magazetini. Mwaka 1924 malodi wakaamua kwamba mume au mke hawezi kusimama mahakamani kutoa ushahidi wa kumharamisha mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa yao, na mwaka 1926 mahakama ikamtangaza Geoffrey kuwa halali. John alioa tena, akapata mwana mwingine mwaka 1950. Alipofariki mwaka 1973, ndugu wawili waliopishana karibu miaka 30 walidai cheo kimoja. Mwaka 1976 kamati ya malodi ikamkabidhi Geoffrey, kwa sababu neno la mahakama la 1926 lilikwisha kufunga mjadala. Alikaa katika Baraza hadi kifo chake mwaka 2011. Mimi naiunga mkono hukumu ile kwa moyo wote. Mtoto aliyezaliwa katikati ya chuki ya wazazi alilindwa na sheria tangu utotoni, na alipofika uzeeni haikumgeuka.

Lakini sasa kitanda kina mshindani. Katika kesi ya Pringle wa Stichill, ambayo ilihusu ubaroneti, cheo cha kurithiwa cha kuitwa Sir kilicho chini ya ulodi, vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba aliyerithi vizazi viwili nyuma hakuwa mtoto wa baba aliyetajwa. Juni 2016 Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha ilikubali ushahidi huo, cheo kikahamia tawi jingine la ukoo. Mtu amekufa zamani, mama yake amekufa zamani zaidi, na siri yake inafunuliwa na vinasaba vya mzao wake. Sidhani kama ukweli wa aina hiyo unamnufaisha mtu yeyote. Ukoo ulioishi kwa jina moja karibu karne nzima umekuwa nalo kweli, na msemo wetu wa kitanda una busara ambayo maabara haiwezi kuipima.

Upande wa pili wa uhalali ni mkali zaidi. William IV, yule aliyempa mkwe wake ubaroni wa Kilmarnock, alikuwa na watoto kumi na mwigizaji Dorothea Jordan. Wote walikua mbele ya macho ya watu kama watoto wa mfalme, na hakuna hata mmoja aliyeweza kurithi. Mwaka 1837 kiti cha enzi kilikwenda kwa binti wa mdogo wake: Victoria, mwenye umri wa miaka 18. Hata leo, wazazi wa Kiingereza wakioana baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto huyo anakuwa halali kwa mambo yote isipokuwa cheo. Katika nyumba ya maerli wa Harewood, mwana mkubwa wa erli wa 8 alizaliwa mwaka 1978 kabla ya ndoa ya wazazi wake, na mdogo wake wa 1980 alizaliwa baada ya ndoa hiyo. Mrithi ni huyo mdogo. Baba ni yule yule na mama ni yule yule. Scotland ndoa ya baadaye humsafisha mtoto hata kwa upande wa cheo.

Mwenye kukichukia cheo naye alibanwa na hati ile ile. Tony Benn alikuwa mbunge wa Labour wa Bristol alipofariki baba yake, vaikaunti wa Stansgate, Novemba 1960. Kaka yake aliyetarajiwa kurithi aliuawa vitani mwaka 1944, kwa hiyo Benn akawa lodi bila kuombwa, na wakati huo lodi hakuruhusiwa kukaa na wabunge wa kuchaguliwa. Akafukuzwa. Wapiga kura wakamchagua tena mwaka 1961, akazuiwa mlangoni. Miaka mitatu ya kupigana ilizaa sheria ya Julai 1963 inayomruhusu mtu kukana cheo kwa muda wa maisha yake. Benn alikikana siku ile ile ilipoanza kutumika. Cheo hakikufa. Kilimsubiri afe mwaka 2014, kisha kikamwendea mwanawe mkubwa, Stephen.

Sheria hiyo ya 1963 ndiyo pia iliyomfungulia Diana Hay mlango. Kwa miaka 22 alikuwa kauntesi wa Erroll na Konstebo Mkuu wa Scotland lakini hakuweza kuketi katika Baraza la Malodi, kwa kuwa ni mwanamke. Hati ya 1674 ilikuwa imempa cheo, bunge la karne ya 20 likamnyima kiti. Alifariki mwaka 1978. Mwanawe Merlin ni erli wa 24, na Mei 2023, mfalme Charles III alipotawazwa, ndiye aliyeandamana kama Konstebo Mkuu wa Scotland. Ameupata wadhifa huo kwa mama yake.

Kuna mwanamke mwingine wa Kenya ile ile ambaye nimekuwa nikimfikiria nikiandika haya. Juanita Carberry alizaliwa Nairobi mwaka 1925, wala hakupishana mwaka na Diana Hay. Baba yake kwa sheria alikuwa John Carbery, baroni wa 10 wa Carbery, mtu wa Nyeri, rubani, na kwa maelezo ya Juanita mwenyewe, mkatili wa nyumbani. Mama yake Maia, rubani pia, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1928, Juanita hajatimiza miaka mitatu. Ni Juanita huyu aliyeandika katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1999, kwamba Broughton alikiri kwake mauaji ya Erroll siku chache baada ya tukio, yeye akiwa na miaka 15, akaitunza siri hiyo.

Wasichana wawili wa rika moja, wa jamii moja ya walowezi, waliofungamana na kifo kimoja. Mmoja akawa kauntesi. Mwingine asingeweza kuwa chochote, hata lau baba yake angemtaka, kwa sababu hati ya Carbery ya mwaka 1715 ilisema wanaume. John Carbery alipofariki mwaka 1970, cheo kilikwenda kwa Peter, mtoto wa ndugu yake wa kiume. Si sifa za mmoja na makosa ya mwingine zilizowatenganisha. Ni neno lililoandikwa kabla babu wa babu zao hawajazaliwa.

Wanaotetea mpangilio huu wana hoja yenye uzito kiasi: aliyepewa cheo alipewa kwa masharti, na kubadili masharti leo ni kumnyang'anya mtu aliyekwisha kutarajia. Mgala muue na haki umpe. Kijana aliyelelewa akiambiwa kwamba nyumba itakuwa yake ataumia. Lakini hoja hiyo imekwisha kuvunjwa na bunge lenyewe. Lilibadili njia ya cheo mwaka 1706 kwa ajili ya Marlborough. Mwaka 1963 lilimruhusu mtu kukikana. Mwaka 1999 liliwatoa malodi wa kurithi katika Baraza isipokuwa 92, na Septemba 2024 serikali ya Labour ikawasilisha muswada wa kuwaondoa hao waliobaki. Kubwa kuliko yote, mwaka 2013 lilibadili urithi wa kiti cha enzi chenyewe: mtoto wa kwanza aliyezaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011 ndiye wa mbele, awe wa kike au wa kiume. Mwaka huo huo muswada wa kuwapa mabinti haki hiyo katika vyeo vya malodi ulifikishwa katika Baraza la Malodi, ukafia humo. Tena sheria ya mwaka 2004 inayomruhusu mtu kutambuliwa kwa jinsia mpya iliweka kifungu maalumu kinachosema kubadili jinsia hakutabadili urithi wa ulodi. Bunge linalokumbuka kuziba tundu dogo namna hiyo haliwezi kudai kwamba limesahau mlango.

Hukumu yangu ni hii. Dola ikiamua vyeo hivi havina kazi tena, na ivizime vyote, na mimi sitavililia. Lakini maadamu inaviandika katika daftari lake na kuviheshimu katika sherehe zake, haina sababu ya kumpa binti wa kwanza taji la nchi nzima na kumnyima jina la baba yake.

Juanita Carberry alifariki mwaka 2013, mwaka ule ule sheria ya kiti cha enzi ilipopitishwa. Binamu yake Peter alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na ubaroni wa Carbery ukawa umekwenda kwa mwana wake wa kiume.